Orkestra ya Duke Ellington, mtu mmoja mmoja: kusikia tena muziki wa Anatomy of a Murder



Juzi mmoja wetu aliuliza swali zuri: muziki uliorekodiwa mwaka 1959, namna gani mtu anakuja kuuuza tena leo na kusema sauti yake imefanywa upya? Wapigaji wake wamekwisha kufa karibu wote, wimbo ni ule ule, noti ni zile zile. Sasa kipya ni nini? Wengine walijibu kwamba ni ujanja wa kutafuta pesa. Kuna pahali wana haki, nitafika hapo. Lakini nimekaa miezi mingi na mfano mmoja, na nataka kuufungua hapa polepole, juu unaonyesha vizuri nini kinapotea wakati sauti inaharibika na nini kinaweza kurudi. Ni muziki wa filimu Anatomy of a Murder, uliotungwa na Duke Ellington pamoja na Billy Strayhorn. Shikeni hilo jina la pili, tutalihitaji.

Kwanza filimu yenyewe. Otto Preminger aliitoa mwaka 1959, picha nyeusi na nyeupe, dakika 160. Inatoka kwenye kitabu cha John D. Voelker, juji wa Mahakama Kuu ya jimbo la Michigan, aliyekiandika kwa jina la Robert Traver. Voelker alikuwa amekuwa avoka katika kesi ya kweli ya mwaka 1952, kule Big Bay, ambapo mwanajeshi mmoja alimpiga risasi mwenye baa. Katika filimu, Luteni Manion anamuua mwenye baa aitwaye Barney Quill, na mke wake Laura anasema Quill alimbaka. Avoka wa kumtetea ni Paul Biegler, na James Stewart njo anacheza nafasi hiyo. Biegler ni mtu wa mji mdogo: anapenda kuvua samaki, friji yake imejaa samaki, na usiku anakaa kwenye piano yake kutafuta jazz kwa vidole.

Wale waliosoma sheria, tafuteni hii filimu. Hakuna mtu anayekuja kukuambia nani anasema ukweli. Mwanzo avoka anamweleza mteja sheria kwa namna ambayo mteja anajua mwenyewe ajibu nini, na wewe unayetazama unabaki unajiuliza kama ile ilikuwa halali. Juji ndani ya filimu si mwigizaji wa kazi: ni Joseph Welch, avoka wa kweli, aliyejulikana Marekani nzima mwaka 1954 alipomkabili Seneta Joseph McCarthy mbele ya televisheni. Sasa nirudi kwa muziki, juu filimu hii inaweza kutumeza siku nzima.

Kwa kawaida mtunzi wa muziki wa filimu anaitwa mwishoni. Picha zimekwisha kukatwa, wanampa dakika na sekunde, wanamwambia: hapa weka huzuni, hapa weka hofu. Preminger hakufanya hivyo. Alipeleka kazi yote kule kwenye mambo yalipotokea, Ishpeming na Marquette, kaskazini ya Michigan karibu na ziwa Superior, na Duke na Strayhorn wakaenda huko wakati kamera bado zinafanya kazi. Waliona ile baridi, ile mitaa, waigizaji wakirudia maneno yao. Duke mwenyewe anaonekana katika filimu: anacheza mpiga piano wa baa, jina lake Pie-Eye, na James Stewart anakuja kukaa naye kwenye kiti kimoja wanapiga pamoja. Ni muda mfupi sana. Lakini kumbukeni mwaka: 1959. Mtu mweusi na mtu mweupe, bega kwa bega kwenye piano moja, katika filimu kubwa, na hakuna anayetumikia mwingine.

Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni orkestra iliingia studio Los Angeles. Mwanzo wa Julai filimu ilikuwa tayari katika salle za sinema. Hesabuni wenyewe: wiki chache tu. Hii ni mojawapo ya filimu kubwa za kwanza za Hollywood ambazo muziki wake ulitungwa na watu weusi. Jazz ilikuwa imesikika katika filimu mbele ya hapo, ndiyo, lakini mara nyingi iliandikwa na watunzi wa studio, na kazi yake ilikuwa kuonyesha dhambi: saksofoni ikilia, ujue mwanamke mbaya ameingia. Duke na Strayhorn walichukua hicho kitu na kukigeuza. Kipande cha Laura kinaitwa Flirtibird. Kinachezea, ni kweli, kina macho ya pembeni, lakini kimepewa saksofoni ya Johnny Hodges, na Hodges hawezi kupiga noti bila kuipa heshima. Unamsikia mwanamke ambaye kila mtu katika tribinali anataka kumhukumu kwa nguo zake, na muziki unakataa kumhukumu.

Jambo lingine: ndani ya tribinali, yaani sehemu kubwa ya filimu, karibu hakuna muziki. Kimya. Violoni hazikuambii lini ulie. Muziki unakuja kwenye barabara, kwenye baa, nyumbani kwa avoka, na mara nyingi unakatwa kabla haujamaliza sentensi yake. Njo maana mtu anayeijua kazi hii kupitia filimu peke yake anajua kidogo. Diski iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka ule ule ina vipande virefu, vilivyopewa nafasi ya kupumua. Kwenye filimu muziki ni kama jirani unayemsikia kupitia ukuta. Kwenye diski unaingia nyumbani kwake.

Mimi niliingia kupitia ukuta. Kopi yangu ya kwanza ilitoka kwenye fulashi ya mwenzangu wa promosheni, faili ndogo iliyobanwa mara nyingi mpaka ikachoka. Mnajua zile. Mtu anatoa kwenye intaneti, anabana ili iingie kwenye telefone, mwingine anaituma kwa mwingine, inabanwa tena. Nilisikiliza hivyo karibu mwaka mzima na nilipenda. Nilisikia melodi, nilisikia mwendo, nilisikia kelele moja kubwa ya shaba. Nilikuwa naweza kusema: hii ni orkestra. Kisha nikapata toleo la mwaka 1999, nikaweka ekuteri nzuri masikioni, na pale pale ile orkestra ikagawanyika, ikawa watu.

Sasa hapa niwaeleze juu gani kuna tofauti hiyo, bila uchawi.

Mwaka 1959 sauti iliandikwa juu ya kanda ya sumaku. Ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, mwembamba sana. Sauti inapanga chembe za huo unga, na mashine inazisoma tena. Kanda ya kwanza kabisa, ile iliyozunguka studio siku wanamuziki wanapiga, njo mama. Kila kitu kingine ni mtoto, mjukuu, kitukuu. Kutoka kwa mama wanafanya kanda ya kupeleka kiwandani, kutoka hapo wanachonga sahani, kutoka sahani wanakandamiza diski za vinili. Katika kila hatua kitu kinabaki nyuma: kelele kidogo ya shaa inaongezeka, sauti za juu kabisa zinapungua.

Tena vinili yenyewe ina sheria zake. Mfereji ambamo sindano inapita hauwezi kubeba kila kitu. Ukiweka sauti nzito sana, kama kontrebasi na ngoma kubwa, mfereji unapanuka na sindano inaweza kuruka. Kwa hiyo fundi wa zamani alikuwa anapunguza sauti nzito kwa makusudi. Na kadiri unavyokaribia katikati ya diski, mfereji unapita polepole zaidi chini ya sindano, sauti nyembamba zinapoteza makali. Wimbo wa mwisho wa upande wowote ulikuwa unaadhibiwa bila kosa. Waliofanya hivyo hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaokoa diski isiruke kwenye fonografu ya bei ndogo ya mtu wa kawaida.

Kurimasta ni kurudi kwa mama. Mtu anakwenda kwenye depo ya kampuni, anatafuta kanda iliyo karibu kabisa na siku ya studio, anahakikisha ni yenyewe na si mjukuu aliyevaa nguo za mama. Hiyo kazi ya kwanza ni ya mtu wa arshive, si ya fundi wa mashine, na mi naona njo ngumu kuliko zote. Kisha wanaipitisha kwenye mashine iliyosafishwa na kupangwa vizuri, kichwa cha kusoma kikiwa sawasawa na njia ya kanda. Kikiinama kidogo tu, sauti za juu zinakufa. Wanaigeuza kuwa namba ndani ya kompyuta. Halafu fundi anasikiliza, anapunguza hapa, anaongeza pale, anaondoa mlio uliosababishwa na uzee wa kanda. Kontrebasi ambayo vinili ilikataa kuibeba, sasa anaweza kuiacha ilivyo.

Msichanganye na kumiksi upya. Kumiksi upya ni kurudi kwenye njia za sauti zilizotengana, na kuamua tena nani awe juu, nani awe chini, nani kushoto, nani kuume. Kurimasta hakugusi hayo maamuzi; kunasafisha kioo tu, watu ndani ya picha wanabaki pale walipokaa. Bahati nzuri ni kwamba mwaka 1959 stereo ilikuwa tayari, ingawa bado changa: diski za stereo zilianza kuuzwa kwa watu mwaka 1958. Kwa hiyo kazi hii ilitoka kwa namna mbili, mono na stereo, na ile stereo inatupa chumba chote na upana wake.

Toleo la 1999 lilitoka kwa alama ya Columbia na Legacy, mwaka ambao watu walikuwa wanasherehekea miaka 100 tangu Duke azaliwe, tarehe 29 Aprili 1899 kule Washington. Aliyelisimamia ni Phil Schaap, mtu wa redio na wa arshive aliyejulikana kwa kuchimba kanda za zamani bila kuchoka. Ndani yake kuna diski yote ya kwanza, na nyuma yake wameongeza vipande vilivyobaki studio, mazoezi, na mazungumzo ya Duke mwenyewe. Kusema ukweli, sehemu hiyo ya nyongeza naisikiliza mara chache. Ni ya mtafiti. Diski yenyewe njo chakula.

Bon, sasa ule upande wa biashara. Wale wanaosema ni ujanja, hapa wana haki: neno rimasta kwenye jalada si ahadi ya kitu. Katika miaka ya 1990 kampuni nyingi zilianza kupandisha sauti yote juu, mpaka kile kilichopigwa polepole na kile kilichopigwa kwa nguvu vikawa na ukubwa mmoja. Mtu akisikia kwa mara ya kwanza anasema, ah, ina nguvu! Baada ya dakika 20 masikio yanachoka na hajui sababu. Kuna diski za zamani zilizoharibiwa hivyo, ambazo vinili ya babu bado inazishinda. Namna ya kujua ni rahisi: tafuta mahali pa kimya kwenye muziki. Kama kimya kinabaki kimya, na pumzi ya mpigaji inasikika kabla ya noti, fundi alikuwa na heshima. Kama kila kitu kinapiga kelele sawasawa, acheni, tumieni mega zenu kwa kitu kingine.

Kwenye Anatomy of a Murder kimya kinabaki.

Na juu gani hilo ni la lazima kwa Duke kuliko kwa wengine? Juu ya namna alivyokuwa anaandika. Watunzi wengi wanaandika kwa ajili ya ala: hapa trompeti ya kwanza, hapa tromboni ya pili. Mpigaji akifa au akihama, unaleta mwingine mwenye diploma ile ile. Duke alikuwa anaandika kwa ajili ya mtu. Harry Carney aliingia katika orkestra mwaka 1927, bado kijana mdogo, na hakutoka mpaka Duke alipokufa mwaka 1974. Saksofoni yake kubwa ya baritoni inakaa chini ya sauti zote kama msingi wa nyumba. Mara nyingine Duke anampa noti ambayo kitabu cha shule kinakataza, juu anajua rangi ya Carney itaifanya iwe ya haki. Kwenye faili yangu ya zamani Carney hakuwepo. Kulikuwa na uzito fulani tu, kama lori linapita mbali. Sasa nasikia mwanaume anapumua.

Mwanzo wa diski, kwenye kipande kinachobeba jina la filimu, shaba zinanguruma. Wapigaji wanaziba na kufungua mdomo wa trompeti na tromboni kwa kile kipira cha kuzibulia choo, ndiyo, kile kile cha plombie, mpaka ala inaongea kama mtu mwenye hasira. Kwenye kopi mbaya inakuwa vumbi. Kwenye toleo hili unaweza kuhesabu wanaongea wangapi. Almost Cried ina trompeti ya Shorty Baker, laini, karibu na kuvunjika. Ray Nance, ambaye kazi yake ni trompeti, anashika violoni kwenye Low Key Lightly, na unasikia nywele za upinde zikigusa waya. Kwenye Sunswept Sunday Jimmy Hamilton anapiga klarineti kwa sauti safi kabisa, kama mtu aliyepiga pasi shati yake mbele ya kwenda misa. Paul Gonsalves na saksofoni yake ya tenoo hajapiga pasi hata kidogo, na hapo njo uzuri wake. Hawa wote walikaa chumba kimoja, watu kama 15, na mwandishi alijua tabia ya kila mmoja. Ukibana faili, kitu cha kwanza kinachokufa si melodi. Melodi ni ngumu, inaishi hata kwenye telefone iliyopasuka. Kinachokufa ni tofauti kati ya mtu na mtu.

Sasa turudi kwa lile jina nililosema mshike.

Billy Strayhorn alizaliwa Dayton, jimbo la Ohio, mwaka 1915, akakulia Pittsburgh. Alikutana na Duke mwishoni mwa mwaka 1938 na karibu miaka 30 iliyofuata, mpaka kifo chake mwaka 1967, walikuwa wanaandika pamoja. Wimbo ambao dunia nzima inaujua kama alama ya Duke, Take the "A" Train, ni wa Strayhorn. Kwenye Anatomy of a Murder alikuwa kule Ishpeming, alikuwa studio, mkono wake uko ndani ya karatasi za muziki. Lakini mtazame mwanzo wa filimu, ile sehemu maarufu ya Saul Bass yenye viungo vya mwili vilivyokatwa kwa karatasi: jina linalotokea kwa muziki ni Duke Ellington peke yake.

Muziki huo ulipata tuzo 3 za Grammy. Upande wa Oscar filimu ilitajwa mara 7, na muziki hata mara moja.

Namna gani basi tunajua leo Strayhorn alifanya nini? Kwa karatasi. Mwaka 1988 taasisi ya Smithsonian kule Washington ilichukua mkusanyo wa Duke: maelfu ya kurasa za muziki, zingine safi, zingine zimeandikwa haraka kama mtu yuko njiani. Strayhorn naye aliacha karatasi zake. Mtafiti Mholanzi, Walter van de Leur, alikaa nazo, akalinganisha mwandiko wa mmoja na wa mwingine, mkia wa noti, namna ya kuandika funguo, na akaanza kutenganisha: huu ni mkono wa Duke, huu ni wa Strayhorn, hapa wamepokezana katikati ya ukurasa. Kitabu chake kilitoka mwaka 2002. Kwangu mimi ile kazi na kazi ya fundi wa sauti ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja anatenganisha sauti zilizoungana, mwingine anatenganisha mikono iliyounganishwa chini ya jina moja. Na wote wawili wasingeweza kitu kama mtu fulani, zamani, hangekataa kutupa sanduku.

Haya si mambo ya Wamarekani peke yao, na wengi humu mnajua nasema nini. Ni nani kati yetu, baada ya kupata diploma, hakwenda kufanya ankete kwa ajili ya ripoti ya mtu mwingine? Mimi nilizunguka milima wiki 6 na karatasi za maswali, mvua juu, pikipiki inakwama. Tulikuwa 9. Ripoti ilipotoka, nzuri, yenye rangi, jalada lilikuwa na jina moja, na ndani tulikuwa tumeandikwa neno moja: wakusanyaji. Sitataja ofisi. Nasema tu kwamba niliposoma habari za Strayhorn sikuhitaji mtu anifafanulie. Na kusudi niwe wa haki kwa Duke: kuna tofauti. Duke alimlipa Strayhorn, alimpenda, alimwita hadharani mwenzake, na alipokufa alirekodi diski nzima ya nyimbo zake. Ile ofisi haikunipigia hata simu. Lakini upendo wa Duke haukuandikwa kwenye skrini ya Preminger, na skrini njo watu waliona.

Tuna yetu pia ya kutafuta. Neno jazz sisi tulilishika mapema, na tukalipa maana yetu: African Jazz ya Kabasele tangu mwaka 1953, OK Jazz tangu 1956, na wote mnajua ile ni rumba, yenye deni kwa Kuba kuliko kwa Duke. Louis Armstrong mwenyewe alipita Congo mwaka 1960: Oktoba Léopoldville, watu wakambeba juu ya kiti kama mfalme, na Novemba Élisabethville, wakati Katanga imekwisha kujitenga. Wazee wa Lubumbashi walioona siku ile wamebaki wachache. Lakini mfano ninaoupenda ni wa mbele ya hapo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi gitaa lake na Kiswahili chake. Zile rekodi ziliwekwa katika maktaba ya muziki aliyoifungua Tracey Afrika ya Kusini mwaka 1954. Njo maana miaka mingi baadaye watu waliweza kuzisafisha na kuzitoa kwenye CD, na leo unasikia vidole viwili vya Mwenda, kila kimoja na njia yake. Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na kabati, lebo iliyoandikwa jina la mpigaji, na tarehe.

Sasa fikirini orkestra za miji yetu za miaka ya 1970 na 1980, zile baba zetu walizochezea kwenye bwalo. Kuna kanda ziko chini ya vitanda. Kuna kaseti zenye lebo inayosema tu "muziki wa zamani". Kanda ya sumaku haipendi unyevu, haipendi joto, haipendi vumbi, yaani haipendi nyumba zetu. Mwenye kaseti kama hiyo, na mwenye mzee anayeweza bado kusema nani alipiga gitaa la solo na nani alipiga lile la mi-solo, aandike majina leo, kwa kalamu, kwenye karatasi, ndani ya boksi ya kaseti ile ile. Kuisafisha sauti kunaweza kungoja mashine. Majina hayangoji.

Kwa wale watakaotaka kusikiliza: msianze na filimu, anzeni na diski, na msiisikilize kwa haut-parleur ya telefone. Ombeni ekuteri kwa mtu. Mara ya kwanza iacheni ipite yote bila kuchagua. Mara ya pili anzeni na Flirtibird, mfuateni Hodges peke yake, jinsi anavyoteleza kutoka noti hadi noti kama hakuna hatua kati yao. Mara ya tatu rudini palepale lakini msahau Hodges, tafuteni Carney chini kabisa. Itachukua muda kumpata. Ukishampata hutampoteza tena. Halafu nendeni kwa kipande cha mwisho cha diski ya kwanza, Upper and Outest. Kwenye filimu kinakuja wakati avoka amefika kudai pesa yake na kukuta mteja amekimbia, amebaki mtungi wa takataka na kiatu cha mwanamke. Orkestra inapanda, inapanda, na juu kabisa iko trompeti ya Cat Anderson, noti moja ya juu sana hata unafikiri ni mashine imeharibika. Kwenye faili yangu ya zamani pale mahali palikuwa na mlio wa kukwaruza tu, na nilikuwa naukata mbele haujaisha. Ni Cat Anderson, yuko kidogo upande, na nyuma yake wenzake wote bado wanapiga.